Fundi Ambaye Hakuambiwa Aache

Hotuba hii ilitolewa Mwanza Jumamosi asubuhi mbele ya wanafunzi, walimu, wauguzi na watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Imepunguzwa hapa na pale ili isomeke.

Mwangaluka! (Salamu ya asubuhi ya Kisukuma.)

Upande wa kulia mmeitikia vizuri. Upande wa kushoto naona mnatazamana. Haya, hao ni wageni wetu, tutawafundisha taratibu. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Pale mlangoni mama mmoja amenishika mkono akaniuliza, "Daktari, tangazo limesema seli. Mmekuja kupima selimundu?" Nikamwambia hapana mama, leo sipimi mtu, nimekuja kuongea tu. Akanitazama kwa huruma. Lakini ameingia, namwona safu ya tatu, na nitajitahidi asijutie nauli yake.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Asubuhi nipo wodini, mchana nipo maabara. Watoto wangu wanasema kwa hesabu hiyo sipo popote. Wodini namtazama mtu mzima amelala kitandani. Maabara nazitazama seli, vile vipande vidogo ambavyo yeye amejengwa navyo, na kwa miaka mingi swali langu limekuwa moja: zinaambizana nini? Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30. Hakuna hata moja inayoujua mwili mzima. Hakuna mkubwa aliyekaa juu akitoa amri zote. Msiniambie ubongo, kwa sababu ubongo nao ni seli zinazoulizana.

Leo nimekuja kwa daladala. Pale stendi konda anaita, "Igoma! Kisesa! Igoma, Kisesa!" Stendi nzima inamsikia. Lakini anayeinuka ni yule anayekwenda Igoma. Mama wa maandazi naye kasikia, haendi popote, ila anasogeza beseni lake karibu na mlango kwa sababu anajua abiria wanakuja. Dereva wa gari la nyuma kasikia, anawasha injini ili asizidiwe. Sauti ni moja, na kila mtu ameifanyia jambo lake. Konda hajamwamrisha yeyote. Kilichoamua ni kila mmoja alikuwa amekaa pale akisubiri nini.

Hivyo ndivyo seli zinavyosikilizana. Ukikutana na kiboko usiku ukiwa kwenye mtumbwi, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zako zinamwaga adrenalini kwenye damu. Damu inaipeleka kila mahali, haichagui. Moyo ukiipata unakwenda mbio. Njia za hewa zikiipata zinapanuka. Ini likiipata linatoa sukari liliyoiweka akiba. Utumbo ukiipata unatulia, kwa sababu saa hiyo si ya kusaga ugali. Kila seli imevaa juu ya ngozi yake protini za kunasia ujumbe, tunaziita vipokezi, na bila kipokezi ujumbe unapita tu kama konda anayeita Igoma mbele ya mtu anayekwenda Airport.

Miaka ya 1970 bado walikuwapo mabingwa waliodhani vipokezi ni neno la kurahisisha maelezo tu, si kitu unachoweza kukishika. Aliyewakamatia ushahidi ni daktari wa moyo wa Marekani, Robert Lefkowitz, aliyekuwa naye kama mimi na miguu miwili, mmoja wodini na mmoja maabara. Yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Brian Kobilka, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2012. Ukoo wa vipokezi waliouchunguza ndio unaopokea kama theluthi moja ya dawa tunazowaandikia. Ile pampu ya bluu ya pumu iliyopo kwenye pochi ya mtu fulani humu ndani inafanya kazi kwa kujifanya adrenalini mlangoni pa njia za hewa.

Sasa nije nyumbani, maana mkinisikiliza Nobel tu mtasinzia.

Kipindupindu mnakijua. Waliokaa kambi za wavuvi wanakijua zaidi. Mtu amelala mzima, usiku wa manane tumbo linafunguka, choo kama maji ya mchele, na ikifika alfajiri macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Mgonjwa mkali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ukifikiria harakaharaka utasema mdudu yule ameutafuna utumbo. Hajautafuna. Ukiutazama utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu kwenye darubini, seli zimepangana vizuri kabisa, hazina jeraha la maana.

Kilichotokea ni kwamba zimeletewa barua ya kughushi.

Ndani ya seli ya utumbo kuna swichi. Ujumbe halali ukifika nje, swichi inawaka, seli inatoa chumvi kidogo, maji yanaifuata chumvi ili chakula kiteleze, kisha swichi inajizima yenyewe. Uzuri wake uko hapo, kwenye kujizima. Sumu ya kipindupindu inaingia ndani na kuibana swichi hiyo isizime. Basi mjumbe wa ndani ya seli anazunguka bila kupumzika, mlango wa chumvi unabaki wazi, na maji ya mwili mzima yanatoka nje. Seli haijaasi. Inatii. Inatii mpaka mwenye mwili anakufa.

Aliyetuonyesha kwamba ni sumu, na si mdudu mwenyewe, alikuwa daktari wa Calcutta, India, anayeitwa Sambhu Nath De. Robert Koch alishahisi mwaka 1884 kwamba kuna sumu, lakini kwa miaka sabini na zaidi hakuna aliyeionyesha. De alichukua supu iliyooteshwa bakteria, akaichuja mpaka hakuna mdudu hata mmoja, akaitia kwenye kipande cha utumbo wa sungura kilichofungwa ncha zote mbili kwa uzi. Kipande kile kikajaa maji. Aliandika matokeo yake mwaka 1959, kurasa chache tu. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na uzi, sungura, na wagonjwa wa kutosha mlangoni kwake. Alifariki mwaka 1985 bila tuzo kubwa yoyote. Mimi nikichoka namkumbuka De kuliko ninavyomkumbuka Lefkowitz. Lefkowitz hajawahi kukaa akisubiri umeme urudi.

Na dawa? Mnaijua: maji, chumvi, sukari. Wengi mnadhani sukari ni ya kuleta nguvu. Hapana. Kwenye seli ileile ya utumbo kuna mlango mwingine, unaoingiza ndani chumvi na sukari zikiwa zimeshikana mikono, na mlango huo sumu haiugusi. Chumvi peke yake haiingii vizuri. Ukiichanganya na sukari kwa kipimo chake, zinaingia pamoja na maji yanazifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, upande wa India, kipindupindu kimepamba moto. Akachanganya poda kwenye mapipa, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Kipakti kile cha ORS mnachokiona kwenye zahanati zetu kilitokana na watu waliokaa chini wakauliza: seli hii inapitisha nini, kwa mlango upi?

Nayasema haya kwa sababu ya afisa mmoja aliyetutembelea zamani, shirika lake silitaji. Alikuwa mtu mwema. Tulimtembeza maabara, tukamwonyesha seli zetu, akasikiliza kwa adabu, kisha akiwa ameshika mlango wa gari akasema: "Lakini hapa Mwanza si afadhali mgawe dawa tu? Haya ya seli kuongea waachieni wenye fedha." Sikumjibu siku ile. Nilikasirika, na mtu aliyekasirika hajibu vizuri. Tena nusu ya aliyosema ilikuwa kweli: dawa zigawiwe. Nusu ya pili nimekuja kuijibu leo, yeye hayupo.

Ningeweza kumjibu kwa ufupi kwamba sayansi ya mkoa huu imeshafundisha dunia. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini huku kwetu, jamii 12, yakaonyesha kwamba magonjwa ya ngono yakitibiwa vizuri kwenye vituo vya afya vya kawaida, maambukizi mapya ya VVU yanapungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Lakini jibu langu halisi ni babu yangu.

Babu alikuwa mvuvi, Ukerewe. Alianza na sato kwa nyavu za mkono, akamalizia na dagaa kwa karabai. Mimi nilimkuta tayari ana tumbo. Miguu myembamba, mikono myembamba, tumbo limetangulia mbele kama la mama mjamzito, na upande wa kushoto chini ya mbavu kitu kigumu ambacho sisi wajukuu tulikuwa tunaruhusiwa kukigusa. Lilikuwa wengu, bila shaka. Watu walisema karogwa na mwenzake waliyegombania nyavu. Nikiwa darasa la sita, jioni moja baada ya kula, aliinama akatapika damu. Haikuwa ya michirizi. Ilikuwa ya kujaza karai. Tulimpakia mtumbwini usiku uleule. Hakufika.

Alikuwa na kichocho cha tumbo. Kila aliyeoga ziwani, aliyeteka maji, aliyesukuma mtumbwi kwenye matete alipo konokono, amekutana na kimelea hicho. Kinapita kwenye ngozi, kinazunguka mwilini, kinakomaa na kuwa mnyoo, dume na jike, wakakaa kwenye mishipa ya damu inayotoka utumboni kwenda kwenye ini. Na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndoa ya minyoo hii ni kisa kizuri. Jike anaishi ndani ya mfereji uliopo kwenye mwili wa dume, amekumbatiwa. Ukimtenga na dume, anadumaa, hakui, hatagi. Kwa miaka mingi watu walidhani dume anamlisha. Mwaka 2022 wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba dume anatoa kijimolekuli kidogo, kimeunganishwa kutoka vitu viwili tu. Walipompa jike kijimolekuli kile bila dume yeyote karibu, alikomaa akaanza kutaga. Kumbe lilikuwa neno tu. (Kicheko.) Akina baba msicheke sana, hamkuhusishwa.

Akishaambiwa neno hilo, jike hutaga mayai kama 300 kwa siku, kwa miaka. Kila yai linatakiwa litoke kwenye mshipa, lipenye ukuta wa utumbo, litoke na choo, lirudi ziwani. Yai halina miguu wala meno. Linatokaje?

Linawaita askari wako.

Yai linatoa protini zinazoziamsha seli za kinga. Seli za kinga zinakuja, zinalizunguka, zinaanza kulisukuma nje kama uchafu, na mwili wenyewe unakuwa umelifungulia njia. Mnajua tulivyolithibitisha kwa watu? Ng'ambo ya ziwa, Kisumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba watu wenye kichocho ambao kinga yao imeshushwa na VVU walitoa mayai machache zaidi kwenye choo kuliko wenye kinga nzima. Minyoo ilikuwapo. Walioadimika ni wapagazi wa kuyabeba mayai nje. Mimi niliposoma karatasi ile nilikuwa bado mwanafunzi, na nakumbuka niliifunga nikatoka nje kutembea. Mdudu ameingia kwenye mazungumzo yetu, na anatutuma.

Tatizo linaanza pale ambapo mayai mengi hayatoki. Yanachukuliwa na damu, yanapelekwa kwenye ini, yananasa kwenye vimshipa vidogo. Na huko nako yanaita.

Nataka mlione yai lenyewe. Choo kidogo tunakipitisha kwenye wavu mwembamba, tunakijaza kwenye kitundu cha kipimo, miligramu 41.7, tunakifunika kwa kikaratasi laini kilicholowekwa rangi ya kijani, tunakibonyeza chini ya kioo. Unatazama uwanja wa kijani wenye makapi ya mchicha na punje za mahindi. Unasogeza, unasogeza. Halafu linaingia: mviringo mrefu, safi, ngozi yake ina rangi ya asali, na ubavuni mwiba mmoja uliochongoka kama mwiba wa mgunga. Ule mwiba ndio kitambulisho chake. Kila mtaalamu wa maabara kando ya ziwa hili anaweza kuutambua akiwa nusu usingizini.

Yai likinasa kwenye ini, seli za kinga zinalizunguka tabaka kwa tabaka mpaka linakuwa kivimbe. Kivimbe hicho si adui. Panya wa maabara wasioweza kukijenga hufa mapema, kwa sababu sumu za yai zinasambaa na kuua seli za ini. Kwa hiyo ukuta unahitajika. Lakini zikishajenga, seli za kinga zinatoa ujumbe mwingine, protini inayoitwa intalukini-13, na ujumbe huo unamfikia mtu ambaye mpaka hapo alikuwa amelala.

Kwenye ini kuna seli zinazoitwa seli nyota, kwa umbo lake. Siku za amani kazi yake ni ya ghala, inatunza vitamini A kwenye vitone vya mafuta. Imetulia pale miaka yote, hata wanafunzi wangu wa udaktari wanaisahau kwenye mtihani. Ikisikia intalukini-13 na wenzake, inabadilika. Inamwaga mafuta yake, inanyooka, inakuwa fundi. Inaanza kumwaga kolajeni, nyuzi ngumu, zege la mwili, ndilo kovu. Yai lenyewe linakufa baada ya wiki chache. Fundi hana habari. Kesho kuna yai lingine, na keshokutwa, na ujumbe hauishi, na zege linaendelea kumwagwa kuizunguka mishipa mpaka damu ya utumbo haina pa kupita. Inarudi nyuma, wengu linavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa kama mpira wa baiskeli uliopitiliza upepo, na jioni moja baada ya kula mmoja unapasuka.

Seli za ini za babu yangu, zile zinazofanya kazi ya ini yenyewe, pengine zilikuwa nzima kabisa. Ndivyo kichocho kilivyo, tofauti na ini la mlevi. Aliuawa na fundi mtiifu.

Sasa, swali la maabara ni hili: nani hasa anamwamuru fundi? Nilidhani, na wengi walidhani, ni yai lenyewe. Mwaka 2010 wenzetu Uingereza waliweka mayai ya kichocho pamoja na seli nyota kwenye sahani moja, bila askari wa kinga kuwapo. Mkinipa nafasi ya kubashiri kabla sijasoma, ningesema seli zitawehuka. Ilikuwa kinyume. Mayai yalizituliza. Yai, likiwa peke yake na fundi, linamwambia anyamaze. Amri ya kumwaga zege inatoka kwa watu wetu wenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 1999, watafiti wa Marekani waliizuia intalukini-13 kwa panya wenye kichocho: vivimbe vilibaki ukubwa uleule, lakini kovu lilipungua sana. Yaani "jengeni ukuta" na "mwageni zege" ni amri mbili. Unaweza kuinyamazisha moja ukaiacha nyingine.

Mzee mmoja wa mwaloni nilimweleza hili akaniambia, "Kwa hiyo mnatafuta msimamizi wa ujenzi." Ndiyo, mzee. Tangu siku hiyo sijapata maneno bora zaidi.

Kazi hii haina haraka. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga seli nilitaka kubana matumizi. Maji ya kuzilishia ni ya bei, sahani ni za bei, kwa hiyo nilichukua seli zilizotosha sahani mbili nikazigawa kwenye sahani kumi na mbili. Nikazipa chakula kilekile, joto lilelile la nyuzi 37, gesi ileile. Baada ya siku tatu nikatazama: zimejikunja, zimekuwa vidonge vinavyoelea. Zote. Nilimwita mwalimu wangu nikilalamika kwamba chakula kimeharibika. Akatazama mara moja tu, akasema, "Chakula ni kizima. Umezitenga." Seli nyingi haziishi kwa chakula peke yake, zinahitaji jirani awe karibu, anayetoa ujumbe mdogo mdogo wa kusema endelea. Ujumbe usipofika, seli inajiua kwa utaratibu, haisubiri kuuawa. Mwalimu alinikata gharama ya zile sahani, na sikubishana.

Dawa ya kichocho ipo, na nawasihi mwinywe. Prazikwanteli, vidonge vikubwa, vichungu, harufu yake mnaikumbuka kutoka shuleni, pale mlipopangwa foleni mkapimwa urefu kwa ile fimbo yenye alama, mrefu vidonge vingi, mfupi vichache. Imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na ni mwaka 2019 tu ndipo ilipofahamika vizuri inapomshika mnyoo: inafungua mlango wa kalsiamu kwenye misuli yake, misuli inakakamaa, mnyoo unaachia mshipa. Dawa nayo ni ujumbe. Lakini minyoo michanga haiisikii, na mtoto aliyemeza Jumatatu akiogelea Jumamosi anaweza kuokota mingine. Na dawa inamuua mnyoo, haizungumzi na fundi. Kwa watoto na vijana, minyoo ikiisha, kovu mara nyingi linapungua lenyewe. Kwa mtu mzima aliyekaa nalo miaka ishirini, mara nyingi linabaki, na mimi naendelea kumpokea wodini akitapika damu ilhali choo chake hakina yai hata moja.

Huyo ndiye niliyetaka kumwonyesha yule afisa. Amegawiwa dawa. Amepona kichocho. Bado anakufa kwa kichocho.

Kwamba fundi anaweza kuacha, hilo tunalijua. Kwa panya, sababu ya kovu ikiondolewa, baadhi ya seli zile hufa, na baadhi hurudi kwenye ukimya wake, zikanywea. Ila hazirudi kuwa kama zamani kabisa. Zikiitwa tena, zinaamka upesi kuliko mara ya kwanza. Zinakumbuka. Kwa hiyo kila mtoto anayetibiwa akarudi majini akaambukizwa upya, ini lake si lile la mwanzo, na mimi ningependa kujua ni kiasi gani. Ndicho ninachokifanya mchana watoto wangu wanaponitafuta.

Nimezidisha dakika, mwenyekiti ameshaanza kukohoa. Meza ya nyuma pale kuna darubini mbili. Ya kushoto ina yai. Lipo katikati, msisogeze kioo, zungusheni tu hiki kirungu kidogo taratibu mpaka mwiba uonekane. Ya kulia ni kipande cha ini, kimepakwa rangi inayofanya kovu liwe la buluu. Doa jeusi katikati ni ganda la yai lililokwisha kufa. Angalieni buluu inavyolizunguka. Wenye miwani vueni kwanza. Mama wa safu ya tatu, wewe anza, hawa vijana watakusubiri.